Nafasi Tupu Katika Foleni ya Pamba

Nilikuwa mtu mzima wa umri wa kuoa, cheti changu cha sekondari kimekunjwa vizuri ndani ya Biblia ya mama, siku nilipotumwa kwenda kushika foleni ya pamba nikaenda kuishika kwa miguu yangu mwenyewe. Nilifika stoo jua halijachomoza. Nikasimama wima katikati ya magunia mawili, mikono nyuma, kidevu juu, kama tulivyofundishwa shuleni Tororo. Gunia la mama nilikuwa nimeliacha nyumbani, limeegemea ukuta wa jiko, lisije likaingia vumbi bure. Niliona hesabu yangu haina kasoro: nishike nafasi kwanza, zamu yetu ikikaribia nikalilete.

Karani wa mizani alipofika kufungua milango alianza kupita kando ya foleni, akigusa kila gunia kwa kalamu. Aligusa, aligusa, akafika kwangu. Kalamu ikasimama kwenye kifua changu.

"Na huyu?" akauliza watu. "Huyu nimpime safi au fifi?"

Pamba safi ni ile nyeupe, kavu, isiyo na majani wala madoa. Fifi ni ile iliyolowa, iliyochafuka, au iliyochanganywa na mkulima mwenye haraka. Hakuna daraja la tatu. Mama mmoja wa upande wa Kenya, aliyevuka kila asubuhi kuja kutuuzia uji pale stoo, alijibu bila kuinua macho kwenye sufuria yake:

"Fifi, karani. Huyo hajaanikwa juani tangu azaliwe. Mtie mkono ndani utakuta ukungu."

Walicheka mpaka magunia yakatikisika, maana wengi walikuwa wameyaegemea. Na hapo ndipo nilipoangalia mbele yangu na nyuma yangu vizuri, nikaona kile ambacho mtu mwingine yeyote angekiona akiwa bado barabarani: katika foleni ile nzima mtu alikuwa mimi peke yangu. Waliobaki wote walikuwa magunia. Wenyewe walikaa barazani, chini ya bati, wananyonyesha, wanasuka, wananywa uji, wengine wamelala. Mmoja alikuwa amevuka mpaka kununua chumvi, na gunia lake lilikuwa linamsimamia bila manung'uniko. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya stoo yetu. Gunia ndilo mtu. Asiye na gunia hayupo, hata kama anapumua.

Ni desturi ambayo watoto wadogo waliijua. Mimi sikuijua kwa sababu misimu yote ya pamba nilibaki nyumbani kulinda boma, kazi niliyojipa mwenyewe na kuifanya kwa bidii, hasa karibu na jiko.

Neno lenyewe, hata hivyo, nilidhani nalijua kuliko wote pale. Nilikutana nalo uwanjani, mwaka wangu wa kwanza shuleni. Mwalimu wa michezo aliwahi kuwa jeshini, na kila asubuhi alisimama kwenye kilima kidogo akapiga ukelele mmoja, "Fol in!", nasi tukakimbia kujipanga, warefu nyuma, wafupi mbele, tukaguliwe kucha. Kwa vile nilikuwa nimeanza kujifunza Kiingereza na sikutaka hata tone lake linipite, nililikata neno lile vipande viwili nikavitafuta. Cha kwanza nikaambiwa ni kuanguka. Cha pili ni ndani. Nilikaa mchana mzima nikijiuliza ni nani anayeanguka, na anaanguka ndani ya nini. Kesho yake nikamuuliza mwalimu.

"Usiulize," akasema. "Simama."

Miaka baadaye niliona kwamba hiyo ilikuwa tafsiri nzuri kuliko yangu.

Kwetu, kati ya Busia na Tororo, neno lilikuwa limeshaingia kwa mlango mwingine, kupitia kwa wanaume waliorudi kutoka vita vya Mwingereza. Wao walilitamka kwa ufupi, kama mtu anayepiga chafya. Wafanyabiashara wa upande wa Kenya walilinyoosha wakaliongezea mkia, likawa foleni. Upande wetu wengi walisema layini, lakini mtu akitaka kuonyesha kwamba hatanii, alisema foleni. Wakati bendera mpya zinapandishwa huku na kule, neno lilikuwa limekwisha kuvua sare zake na kuanza kufanya kazi za raia. Watoto wa katekisimu walikuwa foleni. Baiskeli zilizongojea kukaguliwa pale mpakani zilikuwa foleni. Vifaranga nyuma ya mama yao, foleni. Palikuwa hata na msuko wa nywele ulioitwa foleni, na binti aliyesukwa vizuri alisifiwa kwamba askari wake wamesimama sawasawa.

Aliyelileta kijijini kwetu ni jirani yetu, mzee ambaye ua wake wa minyaa ulipakana na wetu. Alikuwa amekwenda Burma na jeshi la Mwingereza, akarudi na koti zito ambalo halikufaa kwa jua letu, kifimbo kifupi cha kukwapani, na neno lile. Koti lililiwa na nondo. Kifimbo na neno vilidumu. Alipanda muhogo kwa foleni. Mbuzi wake waliingia zizini jioni mmoja mmoja, na aliyetaka kumpita mwenzake alirudishwa nyuma kuanza upya. Mke wake alikuwa mwanamke aliyetoka Kiyeyi, mpana wa mabega, asiyejua kuzungusha maneno. Alipenda kutuambia juu ya ua, "Mimi sina mume, nina sajini. Hata kuku wangu sasa wanaogopa kutaga nje ya mstari." Pamba yote ya boma lile aliilima yeye. Mzee alikuja shambani kunyoosha mistari tu.

Mzee huyo alikuwa na tabia moja iliyowaudhi watu. Popote alipokuwa kwenye foleni, aliacha nafasi tupu mbele yake. Kanisani, watu wakipanga mstari kwenda kutoa sadaka, kati yake na aliye mbele palikuwa na upana wa mtu mmoja. Siku ya kuchanjwa ndui, vilevile. Na pale stoo ya pamba, foleni iliposogea, alivuta gunia lake mbele na kulisimamisha, akaacha pengo la gunia moja, halafu akasimama kando na kifimbo chake akililinda. Mgeni aliyeona bahati na kuja kutumbukiza gunia lake pale aliondolewa kwa kifimbo. Niliambiwa kwamba jamaa mmoja wa Paya alijaribu kubishana, akajikuta mwisho wa foleni na gunia lake kichwani, hajui alifikaje.

Watu walinung'unika lakini walimvumilia, kwa sababu mzee yule ndiye aliyefanya stoo yetu iwe na amani. Kwenye stoo nyingine, tulisikia, watu walirushiana ngumi msimu mzima. Kwetu hakuna aliyethubutu kusogeza gunia lake mbele ya la mwenzake wakati mwenyewe yuko kwenye uji. Karani alimpenda sana. Alikuwa amepata askari wa bure.

Sababu ya lile pengo nilielezwa mimi, na si kwa heshima yoyote niliyokuwa nayo. Ni kwamba mchana mimi ndiye mwanamume pekee aliyekuwa nyumbani. Mzee alikuja, akakuta nabambua karanga, akakaa kwenye kigoda, akaanza kubambua na yeye. Alizipanga.

"Nyinyi watu ya shule," akasema, "nafikiri foleni ni watu nasimama moja-moja. Hapana. Foleni ni kila mtu na nafasi yake. Asubuhi unasimama hapa, jioni unasimama hapo-hapo. Hata kama jana ilikuwa vita, sajini napiga kelele, 'Fol in!', kila mtu narudi nafasi yake. Bwana mkubwa nakuja, hapana uliza jina. Naangalia mashimo."

"Mashimo gani, mzee?"

"Ya watu. Pale iko shimo, huyo hakurudi."

Akaendelea kubambua. Baada ya kuangalia mashimo, alisema, bwana mkubwa anatoa amri ya pili, watu wanaambiwa wasogee, mashimo yanazibwa, na kazi inaendelea kama vile jana hapakuwa na mtu mwingine. Kati ya "Fol in" na "sogea" ni muda mfupi sana, lakini ndio muda pekee ambao aliyepotea anaonekana.

Mbele yake mwenyewe alikuwa anasimama kijana wa kijiji cha Kwapa, rika lake. Waliandikishwa siku moja. Yule mstari wa mbele, huyu nyuma yake, mwaka baada ya mwaka.

"Mimi najua kisogo yake kuliko uso," mzee akasema. "Ukiniletea uso leo, pengine naweza kosea. Kisogo, hapana."

"Alikufa?"

"Hakurudi. Wengine waliambiwa sogea, wakasogea. Mimi siku hiyo iko hospitali, naumwa malaria. Mimi mpaka leo hakuna mtu ameniambia sogea."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa kijeshi, na mtu mwenye elimu hucheka mizaha ambayo haielewi ili asionekane amepitwa. Mzee hakucheka. Alimaliza karanga zake, akaniambia zangu zimelala ovyo, akaondoka.

Sasa nirudi kwenye gunia la mama, maana kama ingekuwa ni mimi tu kuchekwa, ningeinyamazia habari hii.

Baba alikuwa amefariki zamani. Shamba ambalo mama alilima pamba lilikuwa chini ya kauli ya baba mdogo, ndugu wa baba, mtu mwenye mashamba mengi na mdomo mzito. Mwanzoni mwa msimu alikuja kusimama kwenye mpaka wa shamba, akamwambia mama kwamba ardhi ile inadharauliwa. Mwanamke peke yake, alisema, na kijana ambaye kazi yake ni kunusa vyungu, watatoa fifi tu, na fifi ni aibu kwa ukoo. Wakakubaliana, au tuseme baba mdogo akakubali na mama akanyamaza: pamba ikitoka safi, shamba ni la mama alilime anavyotaka. Ikitoka fifi, analirudisha, na baba mdogo atampa mtoto wake aliyekuwa anajiandaa kuoa.

Mama hakulalamika. Alichuma wakati wa jua kali tu, umande ukiwa umekauka. Usiku hakuiacha pamba nje. Alitandika jamvi uani, akaichambua tena na tena kwa vidole, jani baada ya jani, mpaka mimi niliyekaa karibu naye nikaona aibu ya kutokufanya kitu nikamsaidia kidogo, huku nikimsimulia habari za jiografia. Ilikuwa gunia moja tu, shamba lilikuwa dogo na mbegu zilichelewa kupandwa. Lakini lilikuwa gunia moja lililoshindiliwa mpaka likasimama lenyewe, limenyoosha mgongo. Tuliliacha jikoni likauke zaidi kwa joto la moto. Na kwa sababu ya kutaka likauke vizuri, tulingoja mpaka siku ya mwisho ya ununuzi. Baada ya siku hiyo stoo ingefungwa, na mvua za masika zilikuwa zimeshaanza kunusa-nusa.

Ndiyo siku mama aliyoniambia, "Nenda mapema ukashike foleni," nami nikaenda kuishika kwa namna mliyoisoma.

Niliporudi nyumbani nikitembeza baiskeli niliyokwenda nayo asubuhi, mama alikuwa anafagia uani.

"Umelisahau gunia," akasema.

"Sikulisahau. Nililiacha."

"Ulikuwa wapi muda wote huu?"

"Kwenye foleni, mama. Nimesimama."

Akaweka ufagio chini. Alinitazama kwa utulivu wa mtu aliyelipa karo kwa miaka mingi na sasa anakagua bidhaa.

"Kwa hiyo wewe ulisimama," akasema, "pamba ikapumzika."

Tulilipandisha gunia kwenye keria ya baiskeli, tukalifunga kwa mipira ya tyubu, mimi nikashika usukani na yeye akasukuma kwa nyuma mpaka barabarani. Pale akaniambia nitangulie, yeye atafuata kwa miguu. Nilisukuma. Kupanda nisingeweza, mapaja ya mtu wa nyumbani yana mipaka yake. Njiani nilipishana na watu waliokwisha kupima, wanapiga filimbi, na mmoja akanisalimia, "Leo umekuja na mwenzako?" akimaanisha gunia. Habari zangu zilikuwa zimenitangulia mbio.

Nilipofika, mkia wa foleni ulikuwa umetoka nje ya baraza, umepita kiwanja, umefika karibu na barabara. Nikasimamisha gunia la mama mwisho kabisa, nikajitenga nalo mara moja, kama watu wengine. Niliona nimejifunza.

Kisha nikaangalia upande wa Tororo, na mwamba haukuwepo. Sisi huku hatuhitaji redio kutuambia hali ya hewa. Mwamba wa Tororo ukiuona, anika nguo zako. Usipouona, anua. Mahali ambapo mwamba husimama palikuwa na wingu jeusi lililokaa chini sana, na upepo ulikuwa umeanza kutuletea harufu ya udongo wa watu wengine.

Watu wenye akili walikuwa wamekuja na turubai, ngozi za ng'ombe, majamvi mazito, majani ya migomba. Walianza kufunika. Mimi nilikuwa na koti langu la shule, la buluu, lenye beji kifuani, ambalo nililivaa siku hiyo ili karani ajue anazungumza na nani. Nikalivua nikalifunika gunia. Lilifika mabegani tu. Gunia likasimama pale kwenye kiwanja na beji yake, limepata elimu yangu yote na bado liko uchi kiunoni.

Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, yameachana. Watu wa mkiani wakashika magunia yao wakitaka kukimbilia barazani, na hapo mzee akatoka kando ya foleni na kifimbo chake.

"Hakuna kuvunja foleni!" akapaza sauti. "Baraza ni ndogo. Mkikimbia wote, mtakanyagana, na pamba yote itakuwa matope. Funika, simama!"

Alisema kweli, na kila mtu alijua. Chini ya bati magunia yalikuwa yamebanana kutoka mlango wa mizani mpaka ukingoni. Hapakuwa na mahali pa kuweka hata kikapu. Isipokuwa mahali pamoja. Mbele kidogo ya ukingo wa bati, mahali pakavu kabisa, mbele ya gunia la mzee, palikuwa na nafasi ya gunia moja.

Nadhani kila mtu wa mkiani aliiona nafasi ile wakati mmoja. Lakini kila mtu wa mkiani alikuwa na turubai au ngozi, na kila mmoja alikwisha kusikia habari za yule jamaa wa Paya. Mimi nilikuwa na koti.

Mama akafika wakati huo, kitenge kimejaa vumbi la barabarani na matone. Hakuniuliza kwa nini tuko mwisho. Hakumtazama hata mzee. Alitazama barazani, karibu na mizani, ambapo baba mdogo alikuwa ameketi kwenye benchi. Pamba yake ilipimwa asubuhi. Hakuwa na kazi nyingine pale ila kungojea gunia letu. Alikuwa anakula ndizi, taratibu, na alimwitikia mama kwa kichwa, kwa adabu kabisa.

Nikaenda kwa mzee.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Rudi kwa gunia yako."

"Mzee, naomba nafasi hiyo. Unajua habari ya shamba letu. Ikilowa ni fifi."

"Najua."

"Basi niweke hapo."

"Iko mtu hapo."

"Mzee, hakuna mtu."

"Iko," akasema, bila ukali, kama unavyomwambia mgeni kwamba kiti kile kina mwenyewe, ametoka kidogo.

Mama uji alishika mwiko wake hewani. Nilijua sababu ya jibu lile, na ni mimi peke yangu niliyeijua pale pamoja na mkewe, na ningeweza kuwaeleza watu wakanisaidia kumbishia. Sikuwaeleza. Si kwa uungwana. Nilikuwa sijui nianzie wapi, na mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu kuliko sauti yangu.

Niseme mapema kilichotokea baadaye, msije mkakaa roho juu kwa ajili ya gunia moja la zamani. Liliingia. Mimi na mama tulilibeba kupita kiwanja chote, likiwa limelowa kidogo kwenye kitako cha nje tu, tukalisimamisha katika nafasi ile, na mvua ikashuka nyuma yetu kama imeachiliwa. Lilienea pale barabara, hapakubaki hata upenyo wa kupitisha kiganja. Hakuna aliyesema tumeruka foleni. Nilingoja mtu aseme. Wale wa mkiani walikuwa chini ya maturubai yao, wananitazama kupitia maji.

Zamu ilipofika, karani alikunja mkono wa shati, akatumbukiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akapekua, akatoa ngumi ya pamba, akaifungua mbele ya dirisha. Akainusa. Akaichezea kwenye shavu. Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yake, ganda la ndizi bado liko mkononi.

"Safi," karani akasema, akaitupa upande wa lundo jeupe.

Baba mdogo alisema kwamba mvua hii itaharibu barabara, akaondoka. Hakuzungumzia shamba siku ile wala siku nyingine. Mama alililima mpaka magoti yake yalipokataa kuinama, na mtoto wa baba mdogo alioa vizuri tu kwenye shamba lingine. Mimi nililipata koti langu kiwanjani, limelowa, beji imeachia rangi. Mama uji alilipiga jicho mara moja akasema, "Hilo sasa ndilo fifi," na kwa mara ya kwanza siku ile nikacheka pamoja nao.

Msimu uliofuata nilikwenda stoo tena, safari hii na gunia, na nikaangalia. Mzee alikuwepo na kifimbo chake. Foleni iliposogea alivuta gunia lake mpaka likagusa la mbele. Kanisani aliendelea kuacha nafasi, na kanisani hakuna aliyemgusa.

Watu wa kwetu wanapoisimulia habari hii, wanasema mzee alinionea huruma. Wengine, wenye kupenda mambo ya heshima, wanasema alimheshimu mama kwa sababu ya ujane wake. Mimi nilikuwa nimesimama pale, shati limeshikamana na mgongo, na sikuona huruma yoyote. Aliposema mara ya pili "Iko," alikuwa amefika mwisho wa maneno yake, na mimi pia. Tungesimama vile mpaka pamba yote ya mama igeuke uji.

Aliyezungumza ni mke wake. Alikuwa amekaa juu ya gunia lao, lile lile lililokuwa nyuma ya pengo, miguu inaning'inia, anatafuna muwa. Alitema makapi pembeni, akafuta mdomo kwa kiganja, na bila kushuka wala kupandisha sauti akasema:

"Huyo alikufa zamani, hata mvua ikimnyeshea haiwezi kumfanya fifi. Mzee, sogea. Na wewe, mnusa vyungu, lete gunia la mama yako."